Betri ya volti 48 kwenye baiskeli ya volti 36: nini hasa kinachobadilika

Ipeleke baiskeli ya umeme kwa fundi pale Mwembe Tayari, Mombasa, ulalamike kwamba imekuwa nzito, na huenda jibu likaja kabla hujamaliza: "Ami, toa hiyo thelathini na sita, weka arubaini na nane. Itaruka." Na kweli itaruka. Lisilosemwa ni itaruka kwa muda gani, na kitu gani kitaungua kwanza.

Wanaotaka betri ya volti nyingi huwa wanataka mambo matatu wakidhani ni jambo moja: mwendo, nguvu ya kupanda mlima, na umbali wa kwenda kabla ya kuchaji. Volti hukupa la kwanza moja kwa moja. La pili hukupa nusu nusu. La tatu zinaweza hata kukupunguzia. Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, afadhali kujua umekosa lipi kati ya hayo.

Mota nyingi za baiskeli hizi zimo ndani ya gurudumu lenyewe, katikati pale spoki zinapokutana. Ndani yake mna sumaku na nyaya za shaba zilizosokotwa. Mota hiyo inapozunguka haili umeme tu, bali pia inauzalisha, na umeme inaouzalisha husukuma kinyume na ule wa betri. Kadiri gurudumu linavyokwenda kasi, ndivyo msukumo huo wa kinyume unavyokua. Ukikaribia kulingana na volti za betri, hakuna tena tofauti ya kuziingiza ampea, yaani wingi wa umeme unaopita, na mwendo unagota hapo. Ndiyo sababu baiskeli ikifika kasi yake ya mwisho kwenye tambarare, hata uminye aksileta kiasi gani, haiongezi.

Kutoka volti 36 hadi 48 umeongeza theluthi moja, na kikomo cha mwendo nacho kinapanda theluthi moja. Gurudumu lililokuwa likizunguka hewani, baiskeli imeinuliwa, kwa kilomita 30 kwa saa, sasa litazunguka kwa 40. Barabarani hutaipata theluthi yote, na sababu yake ni upepo, ambao nitaurudia.

Nguvu ya kusukuma ni habari nyingine. Hiyo inatokana na ampea zinazopita kwenye nyaya za mota, na anayezigawa si betri bali kontrola, kile kiboksi cha aluminiamu kilichofungwa chini ya kiti au kufichwa kwenye fremu. Chukua kontrola ya ampea 15. Kwa volti 36 itavuta wati 540 kutoka kwenye betri. Kwa volti 48, ampea zikiwa zilezile, itavuta 720. Ukiwa tayari unakwenda, tofauti hiyo utaihisi hata mlimani. Lakini pale mwanzo kabisa, gurudumu linapotoka sifuri, mfano ukishuka feri ya Likoni ukaanza kuupanda ule mpando na kreti ya soda kwenye keria, kontrola imekwisha kufika kikomo cha ampea inazoiruhusu mota, na volti za ziada hazina kazi. Mtu ambaye shida yake ni kuondoka na mzigo anahitaji kontrola ya ampea zaidi, na betri yenye uwezo wa kuzitoa. Akiuziwa volti, ameuziwa dawa ya ugonjwa wa jirani.

Nitaje pia wale ambao baiskeli yao haina upungufu wowote wa volti, ila betri imezeeka. Betri iliyochoka inaweza kuonyesha volti 42 kamili, kiwango cha betri ya 36 iliyojaa, ikitoka kwenye chaja, kisha ukifungua aksileta inaporomoka hadi 33 au 32, na ukiiachia inapanda tena. Fundi mwenye mita anaweza kukuonyesha hilo kwa dakika mbili, gurudumu likiwa linazuiwa kidogo kwa breki. Betri mpya ya volti 36 hizohizo ingemrudishia mwenye baiskeli uhai wote, na asingelazimika kugusa kitu kingine. Naamini wengi wanaotafuta 48 wako katika kundi hili.

Sasa upepo. Nguvu inayohitajika kuipasua hewa haiongezeki sawasawa na mwendo. Inakwenda kwa kuzidisha mwendo mara tatu kwa wenyewe. Ongeza mwendo theluthi moja, na hewa inakudai zaidi ya mara mbili, takriban 2.4. Tuweke hesabu mezani. Mwendeshaji na baiskeli yake wana kilo 110, ameketi wima, barabara ni tambarare, hewa imetulia, na hanyongi. Kwa kilomita 25 kwa saa gurudumu linahitaji kama wati 190, hewa na msuguano wa tairi vikijumlishwa. Kwa kilomita 33 linahitaji kama 380. Ni makadirio, mkao na tairi vinaweza kuyasogeza, lakini uwiano haubadiliki sana.

Linganisha hayo na kilichomo ndani ya betri. Betri ya volti 36 na ampea-saa 10 ina wati-saa 360. Ya volti 48 na ampea-saa hizohizo ina 480. Toa asilimia 20 inayopotea kama joto kwenye mota na kontrola. Ya kwanza, kwa mwendo wa 25, itakupeleka kama kilomita 38. Ya pili, kwa mwendo wa 33, itakupeleka kama 34. Umelipia betri kubwa zaidi na umbali umepungua! Ukiwa na nidhamu ya kuendesha betri hiyo mpya kwa mwendo uleule wa 25, utafika kama kilomita 50. Swali ni nani aliyenunua mwendo akauacha dukani.

Hesabu hiyohiyo, kwa upande wa pili, inaonyesha mahali ambapo volti 48 zinajilipia. Msimu wa kusi, mtu anayetoka Mtwapa kurudi Nyali anapokea upepo usoni. Ukivuma kwa kilomita 20 kwa saa naye akataka kushikilia 25, hewa inamwona kama anakwenda 45, na gurudumu linadai kama wati 455. Kontrola ya ampea 15 kwenye volti 36, ukitoa ile asilimia 20, inafikisha kwenye gurudumu kama 430. Haitoshi, atakokota, au atanyonga. Kwenye volti 48 inafikisha kama 575, na safari inakwenda. Kwa mtu wa barabara ya Malindi, wa kila siku asubuhi na jioni, ningesema badilisha. Kwa mtu wa kisiwani, Tudor hadi Mji wa Kale na kurudi, sioni kwa nini.

Basi tuseme umeamua. Hapa ndipo neno "48" linapoanza kukudanganya, kwa sababu hakuna betri inayokaa kwenye namba iliyoandikwa juu yake. Betri ya lithiamu ya kawaida imejengwa kwa seli zilizopangwa mkia kwa kichwa, kila moja ikiwa na volti 4.2 ikijaa, 3.6 au 3.7 katikati ya safari, na 3 hivi ikikaribia kwisha. Betri ya "36" ina safu ya seli 10, kwa hiyo ikijaa ni volti 42. Ya "48" ina safu ya 13, ikijaa ni 54.6. Zipo pia za 14, zinazouzwa kama "52", na hizo zikijaa ni 58.8.

Fungua kontrola ya 36 utazame kapasita, yale mapipa madogo yaliyosimama karibu na waya nene. Ubavuni yameandikwa volti yanazoweza kubeba, na kwenye kontrola nyingi za 36 utasoma 50. Volti 42 zinakaa hapo kwa raha. 54.6 hazikai. Kinachowapotosha watu ni kwamba kapasita haipasuki lazima siku hiyo hiyo. Inaweza kuvumilia wiki kadhaa, ikivimba kichwa taratibu, na fundi aliyekufungia akawa na ushahidi kwamba "zinafanya kazi tu". Kisha siku moja, betri ikiwa imetoka kujaa, inapasuka na kuzichukua transista, vile vipande vinavyoupitisha na kuukata umeme, pamoja nayo. Kontrola iliyotengenezwa kwa 48 huwa na kapasita za volti 63, na hiyo inaibeba hata ile betri ya "52", ingawa nafasi inayobaki ni finyu.

Kuna kontrola zilizoandikwa 36/48. Hizo ni bahati yako: zimejengwa kwa zote mbili na zinatambua zenyewe zimefungiwa ipi, au unaziambia kwenye kioo, kile cha usukani kinachoonyesha mwendo na chaji. Soma kibandiko kabla ya kununua chochote.

Kapasita zikinusurika, bado kuna jambo la upande wa chini, betri inapokaribia kwisha. Kila kontrola ina kiwango cha kukata umeme ili betri isikamuliwe hadi kufa. Ya 36 hukata karibu na volti 30 au 31, yaani volti 3 kwa kila seli katika safu ya 10. Mpe betri ya seli 13, naye atasubiri hadi volti hizohizo 31, ambazo sasa ni kama 2.4 kwa kila seli. Chini ya 2.5 seli ya lithiamu inaanza kuharibika ndani. Kabla ya kufika huko, bodi ya ulinzi iliyomo ndani ya betri, ambayo mafundi huiita BMS, inatakiwa kukata yenyewe. Na itakata bila kuaga: hakuna dalili ya kuishiwa, hakuna kupungua mwendo, umeme unatoweka tu ukiwa katikati ya mzunguko wa Kongowea na matatu nyuma yako. Bodi hiyo imewekwa kwa siku ya hatari. Kuifanya iwe breki ya kila safari ni kuitafutia kifo, na ikifa hutajua hadi siku unapoihitaji.

Kwa maneno mengine, betri ya 48 na kontrola ya 48 ni kitu kimoja chenye bei mbili. Kununua nusu ni kununua matengenezo. Ongeza kioo kinachokubali volti hizo, na taa, kama taa zako zilikuwa zikichukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri. Taa ya volti 36 kwenye 54 itang'aa vizuri sana kwa muda mfupi sana.

Mota yenyewe, wengi hushangaa kusikia, mara nyingi haihitaji kubadilishwa. Shaba na sumaku hazijali sana kama betri ni 36 au 48. Zinachojali ni joto, na joto linakuja na ampea nyingi kwa muda mrefu. Ukipanda na mzigo mzito huku umefungua aksileta yote, mota itachemka. Ukiigusa baada ya mlima na mkono usistahimili, umeipata taarifa. Mota ndogo zenye gia za plastiki ndani ndizo za kuangalia zaidi. Na baiskeli zenye mota katikati, kwenye pedali, za Bosch au Shimano, hizi ziache kabisa: betri, mota na kioo huzungumza kwa lugha yao, na betri ya kigeni haitakubaliwa.

Njia ya mkato inayopendwa ni ya kuongeza betri moja ya volti 12. Baiskeli za betri za risasi huwa na tatu zilizounganishwa, na mtu anasema, weka ya nne basi, si itakuwa 48? Itakuwa. Shida ni kwamba ile ya nne ni mpya na zile tatu zina mwaka mmoja na nusu. Ampea zilezile zinapita katika zote nne. Zile kuukuu zinaisha mapema, na zikiisha, mpya inaendelea kuzisukumia mkondo hadi inazigeuza kuwa mzigo. Kwenye chaji inakuwa kinyume: moja imeshiba na inachemka huku nyingine bado zina njaa. Kama ni lazima, badilisha zote nne kwa siku moja, za aina moja na ukubwa mmoja, ukikumbuka kwamba betri moja ya ampea-saa 12 ina uzito wa kama kilo nne.

Kwa lithiamu ujanja huo ni mbaya zaidi. Kila betri ya lithiamu ina bodi yake ya ulinzi, na transista za bodi hiyo zimechaguliwa kwa volti za betri yake peke yake. Ziunganishe mbili mfululizo, kisha moja ikate: kwa ghafla bodi iliyokata inasimama mbele ya volti za betri zote mbili. Transista ikishindwa, kwa kawaida haishindwi ikiwa imeukata umeme. Inashindwa ikiwa inaupitisha, na ulinzi umekwisha. Kuunganisha betri ya 36 na ya 48 sambamba, ili "zisaidiane", sitalieleza zaidi ya kusema kwamba ile kubwa itamwaga ampea ndani ya ndogo bila kipimo, na waya utakuwa mwekundu kabla hujapata spana.

Kisha kuna seli za kompyuta kuukuu. Zinauzwa, ni rahisi, na kijana mwenye lehemu anaweza kukupangia betri ya seli 13 kwa jioni moja. Jiji la New York, lenye wachukuzi wa chakula wengi wanaotegemea baiskeli za umeme, lilipoteza watu 18 mwaka 2023 kwa moto wa betri za lithiamu. Mwaka huohuo lilipiga marufuku kuuza betri zilizojengwa kwa seli zilizotolewa kwenye betri zilizokwisha kutumika, na kutaka betri na baiskeli mpya ziwe zimepimwa kwa viwango vya usalama vya UL 2271 (betri) na UL 2849 (baiskeli). Namba hizo ni za kutafuta kwenye kibandiko unaponunua hapa pia. Kibandiko kinaweza kughushiwa, najua, lakini betri isiyothubutu hata kudanganya imekwisha kukueleza kitu.

Joto letu linaongeza ugumu. Seli za lithiamu huzeeka haraka zaidi zikikaa zimejaa kwenye joto, na nyingi zimewekewa nyuzi 45 kama mwisho wa kuchajiwa. Machi ya Mombasa, betri nyeusi iliyoachwa juani Mama Ngina mchana kutwa inafika huko bila shida. Ikifika nyumbani, iache kivulini ipoe kwanza, ndipo uichomeke. Umeme ukikatika, chomoa chaja, na ukirudi subiri utulie. Chumvi ya hewa nayo hula pini za plagi na kuzifanya zipate moto. Grisi ya silikoni kidogo inasaidia, na kuzikagua kila baada ya wiki chache kunasaidia zaidi. Halafu mahali pa kuchajia. Katika nyumba za Mji wa Kale, zenye ngazi moja nyembamba na mlango mmoja wa kutokea, watu huweka baiskeli palepale chini ya ngazi, karibu na soketi. Ukiweza, popote pengine, kwenye ua au kwenye sakafu ya simiti mbali na mapazia, ni bora kuliko hapo, kwa sababu moto wa lithiamu ukianzia mlangoni walio juu hawana pa kupita.

Mwendo ukiongezeka, kusimama nako kunabadilika. Nguvu iliyomo ndani ya kitu kinachokwenda hukua kwa kuzidisha mwendo mara mbili kwa wenyewe, kwa hiyo theluthi moja ya mwendo inazipa breki kazi zaidi kwa asilimia 78. Breki za mpira zinazobana rimu, ambazo zilitosha kwa 25, wakati wa masika na rimu imelowa hazitoshi kwa 33. Weka diski, au angalau badilisha mpira. Na kama mota iko mbele, kwenye uma wa aluminiamu, ongeza mkono wa chuma unaoizuia ekseli isijizungushe. Ikijizungusha inakata waya zake yenyewe na gurudumu linatoka.

Siku ya kufunga, vua pete na saa. Volti 54 kwenye ngozi kavu si za kuua, lakini spana ikiangukia kati ya nguzo mbili za betri inaweza kuyeyuka palepale ilipo. Plagi ikipiga cheche unapoiunganisha kwa mara ya kwanza, ni kapasita zinajaa, si shoti. Plagi zenye kizuia cheche zipo na hazigharimu sana.

Chaja nimeiacha mwisho kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Chaja ya betri ya 36 hutoa volti 42 na haitaijaza ya 48. Haitadhuru, ila haitafanya la maana. Kinyume chake ndicho hatari: chaja ya 54.6 kwenye betri ya seli 10 inalazimisha volti 5.46 kwa seli iliyotengenezwa kwa 4.2, na kati yake na moto imebaki ile bodi ndogo tu. Hata "48" kwa "48" si lazima ziwe ndugu. Lithiamu ya kawaida ya seli 13 inataka 54.6. Lithiamu-fosfeti ya seli 16, inayouzwa pia kama 48, inataka 58.4. Betri nne za risasi zinataka karibu 59. Chaja ya risasi kwenye lithiamu ya seli 13 ni kosa lenye madhara, na plagi zao mara nyingi ni za umbo moja, zinaingia bila kubisha. Usisome namba kubwa iliyo juu ya boksi. Soma mstari wa volti zinazotoka. Andika namba hiyo kwa rangi kwenye chaja na kwenye betri yake. Ukiiuza betri ya zamani, chaja yake iende nayo siku hiyo hiyo, isibaki nyumbani ikisubiri mtoto aione plagi inaingia.